Foklifti ya Jailos

Kihesa, mwaka hamsini na sita. Baridi ya Julai imetushika masikio, na sisi wapagazi wa ghala la tumbaku tumebanana kwenye benchi la Ahmadi muuza kahawa. Bwana mkubwa anataka kununua foklifti, lile gari lenye meno mawili mbele la kunyanyulia mizigo. Kamwambia mwenzetu Jailos: dereva utakuwa wewe, kawaulize wenzako, la petroli au la umeme? Jibu leo saa mbili asubuhi. Jailos marobota yamemmaliza mgongo, ameishika nafasi hiyo kwa mikono miwili.

— Petroli, akasema Edmund, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Linanguruma, watu wanakupisha.

— Na moshi? akauliza Isakwisa, Daktari wetu, aliyewahi kufagia hospitali miezi miwili. Tumbaku inanyonya harufu ya petroli, bwana! Mzungu atawasha sigara yake kule Ulaya, puu! Masharubu yote yameungua!

— Kwa hiyo umeme? akauliza Jailos.

— Umeme. Halina moshi, halina kelele.

— Ndio ubaya wake! Redio akapinga. Lidude zito linakujia nyuma kimyakimya, huo si uchawi?

— Lina betri, wewe! Linachajiwa usiku, asubuhi kazi.

— Kwa baridi hii? Itabidi Jailos alale nalo, alifunike blanketi.

— Na mkewe atahamia wapi? Ahmadi akadakia, dele lake la kahawa mkononi.

— Jamani, imebaki nusu saa! Jailos alikaribia kulia. Nikamjibu nini?

Pembeni alikuwa amekaa Muhidini, seremala aliyeshuka jana na basi la Mbeya.

— Samahani, ndugu zangu. Ghala lenu si lile lenye ngazi saba mlangoni?

— Ndilo.

— Sasa hilo gari, liwe la petroli, liwe la umeme, litapandaje?

Redio akakohoa. Daktari akajikuna.

— Zivunjwe! Jailos akaruka. Tuweke mteremko wa saruji!

— Zikivunjwa, Muhidini akauliza taratibu, nyinyi wengine mtabeba nini?

Nikaweka kikombe chini. Miaka minane nimezitukana ngazi zile, kwa Kiswahili na kwa Kihehe.

— Jailos, nikasema, wewe ni ndugu yangu. Ila ukigusa ngazi zetu, hatujuani.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Na mgongo wangu?

Kengele ya ghala ikalia, tukainuka.