Chiriku wa Josiah Tebbutt

Benchi letu liko nje ya kilabu cha pombe, hapa Spitalfields, mtaa wa wafumaji. Leo asubuhi mchunguzi wa vifo na wazee wake wa baraza walikaa humo ndani, na maiti ya Josiah Tebbutt imelala mezani mbele yao. Josiah alikuwa mfumaji wa hariri, kajinyonga kwenye boriti juu ya mtambo wake wa kufumia. Sasa wamekwenda kula, wakirudi wanatuita sisi majirani tutoe ushahidi. Wakiona alijiua na akili zake timamu, anazikwa njia panda na kigingi kifuani, na mtambo unachukuliwa na mfalme. Mkewe Hester na watoto watakula nini, sijui. Wakiona alirukwa na akili, anazikwa kanisani na mtambo unabaki. Basi sisi tulikaa na buli letu la kahawa, tunamtia marehemu wazimu.

— Mimi nasema ukweli mtupu, akaanza Askofu, muuza mishumaa anayependa kuhubiri. Jumatatu alifungua dirisha akawaachia chiriku wake wote, ndege aliowafuga wamwimbie akifuma. Mfumaji gani mwenye akili anaachia chiriku?

— Umemmaliza! akasema Kijiko, kinyozi, huku akikoroga kahawa isiyo na sukari. Watasema alijua hatakuwepo kuwalisha. Hizo ni akili, tena nyingi.

Askofu akanywea kidogo.

— Sasa niseme nini?

— Sema aliwaapisha kwanza. Mmoja mmoja, mkono juu ya Biblia.

— Chiriku ana mkono, wee?

— Ndiyo wazimu wenyewe huo, mzee!

Nami nikachangia:

— Mimi nitasema nilimwona anatafuna mshumaa.

— Usiseme wangu, bwana. Utanifukuzia wateja.

— Hayo madogo, akasema Kijiko. Mimi nilimnyoa, akaniambia nimnyoe na mfalme wa Ufaransa, kamkalia begani.

— Bega lipi? Watakuuliza hao.

— La kushoto. Jamani, sote tuseme la kushoto.

Tukacheka kwa nguvu, halafu tukakumbuka aliyelala nyuma ya ukuta. Roho iliniuma. Josiah alikuwa mtu mwema.

Hapo akatokea mwanamke, sketi yake matope mpaka magotini.

— Habari zenu. Mimi Dorcas, dada yake Hester. Nimetoka Essex na gari la kabichi.

— Pole sana, dada, akasema Askofu, akavua kofia. Hester yuko ndani, na marehemu. Ila usihofu, shemeji yako hazikwi njia panda. Sote tunaapa alikuwa na wazimu tangu Jumatatu.

— Mungu awabariki. Na alijinyonga lini?

— Alhamisi.

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na hasira hata kidogo.

— Na alipowaachia wale chiriku, mlimwona kweli?

— Hilo la kweli kabisa, dada. Mtaa mzima tulisimama chini tukatazama.

— Basi mlipopanda kumuuliza ana nini, aliwajibuje?

Askofu akaitazama kofia yake. Kijiko akaendelea kukoroga kikombe kilichokwisha kahawa zamani. Nikainua buli nimmiminie mgeni angalau kidogo, kumbe tupu.

Mlangoni wakaita shahidi wa kwanza. Hakuna aliyeinuka.