Marehemu Kahaso Baya na Jina Alilolifuta

Kwa niaba ya familia ya mzee Baya na ya Jefwa Tsofa, mimi Japheth, mdogo wake marehemu, nawasomea habari za dada yangu, nanyi mtanivumilia nikifika mahali pagumu, kwa maana karatasi hii nimeiandika nikiwa na hofu.

Mwalimu Kahaso alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Samburu, akiwa binti wa tatu, akasoma shule ya msingi na ya sekondari Kinango, ambako hakuna timu ya mchezo wowote iliyowahi kumchagua, jambo alilolikumbuka kwa kicheko mpaka utu uzima, kisha akasomea ualimu Shanzu, akaajiriwa Msambweni mwaka 2003, na kuhamishiwa Mwabungo mwaka 2011. Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na Jefwa kanisani Ukunda, wakajaliwa watoto wawili, Purity na Nzai.

Mwabungo ndiko alikoandika kitabu chake cha kuchekesha watoto, hadithi ya marafiki wanne ambao hakuna aliyetaka kuketi nao darasani, naye akawageuza mashujaa: Zainabu aliyenusa uongo kama sisi tunavyonusa papa mkavu, Issa ambaye kwikwi zake zilifungua makufuli, Subira aliyeimba vibaya hata wezi wakajisalimisha wenyewe, na wa nne, asiyeogopa maji. Hao walikuwa wanafunzi wake hasa, na wenyewe ndio walioomba waandikwe kwa majina yao, naye, mtu wa nyika kama mimi, mgeni wa mambo ya bahari, akakubali bila kuuliza majina hayo waliyarithi kwa nani.

Katika sura ya mwisho yule wa nne anazama akiwaokoa wenzake. Bibi yake mtoto huyo, Bi. Mwanapili, aliposikia alikuja nyumbani, akakataa hata kiti, akasema, "Mwalimu, jina hilo ni la marehemu mume wangu, na bahari ilikwisha kulichukua mara moja. Nakuomba kwa heshima, ulitoe humo." Dada yangu alimjibu kwa adabu kwamba ni hadithi tu, akamsindikiza mpaka njiani, kisha akapeleka kazi yake kwa mpiga chapa wa Kona ya Musa. Siku chache baadaye, tarehe 12 Aprili 2025, mtoto huyo aliopolewa ufukweni Galu akiwa hana fahamu, na bahari ilikuwa shwari.

Mwalimu aliketi kando ya kitanda mpaka mtoto alipofumbua macho, na hapo hapo akalifuta jina lile, akaandika lake mwenyewe, Kahaso. Nilimlalamikia, nikamwambia angeweza kubuni jina lolote, akanicheka na kusema kwamba jina lolote atakalobuni, yupo mtoto wa mtu analo.

Mwezi wa Septemba alianza kukohoa, na tarehe 9 Novemba 2025, katika hospitali ya Msambweni, alitutoka, madaktari wakatueleza kwamba moyo ulichoka na mapafu yakajaa maji, yeye ambaye hakuwahi kuingia baharini kupita magoti. Kila mmoja ana imani yake, wala sitaki kubishana na mtu msibani, lakini mimi naogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Mwabungo, Waislamu kwa Wakristo, waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake waliobeba jeneza.

Tuna ombi pia. Jana mpiga chapa alikiri kwamba marekebisho yalimfikia akiwa amekwisha kutoa vitabu vya kwanza, vyenye jina la awali, na kwa kuogopa hasara aliviuza kimya kimya. Mwenye nacho akilete kabla kaburi halijafunikwa, tukitie humo. Mtoto mwenyewe yupo, ameketi mbele na bibi yake, na tafadhali asiitwe kwa jina leo. Asubuhi ameniuliza kama tukimaliza kuzika ataruhusiwa kwenda kuogelea.

Dada, ulichokubali kukibeba kibebe chote, usimwachie mtoto hata kidogo, na Mungu akupe kupumzika kwa amani.