Dada Aliyelisha Seli

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa familia hii, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, tuliyemwita Dada Maabara, kwanza kwa fahari, baadaye kwa kejeli.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto sita, akamaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1980, akahitimu ufundi wa maabara mwaka 1983, na tarehe 2 Mei 1984 akaajiriwa katika maabara ya virusi vya mafua, alikofanya kazi hadi mwisho wake.

Kazi yake ilikuwa kukuza seli ndani ya chupa bapa, kuzitia virusi na kutazama yatakayotokea, na alipenda kutueleza kwamba kirusi cha mafua hakivunji mlango, hung'ang'ania sukari iliyo juu ya seli mpaka seli ikimeze yenyewe, na humo ndani, uchachu ukizidi, hufunguka na kumwaga maagizo yake. Kisha seli, ikishagutuka kwamba ina mgeni mbaya, hutoa protini za kuwaonya majirani wajihami, hata kama yenyewe haitapona. Sisi tulipiga miayo, tukawaambia watoto kwamba shangazi yao anafuga mafua.

Aliolewa tarehe 8 Julai 1989, ndoa ikavunjika mwaka 1995 bila ugomvi, na hakujaliwa watoto. Seli zile hulishwa kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu isiwe, kwa hiyo alikosa harusi yangu na za ndugu zetu wengine, nasi kwa hasira tukaacha kumpelekea kadi, mimi nikiwa wa kwanza.

Tarehe 5 Agosti 2018 homa ya mafua ilimshika akiwa peke yake chumbani kwake, ghorofa ya tatu, nyuma ya kiwanda cha magodoro, akapiga simu moja tu, kwa mwenzake wa kazini, kumwomba azilishe seli. Siku ya pili yake jirani, fundi cherehani, alibisha hodi bila kujibiwa, akavunja kitasa, akamkimbiza hospitali mapafu yakiwa yamejaa maji, na tarehe 9, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunamshukuru fundi cherehani, na tunawashukuru wenzake Dada wa maabara, ambao leo wamezilisha seli kwanza ndipo wakaja kumzika. Sisi nduguze hakutupigia, na sina uso wa kuuliza kwa nini.

Dada, msiba hauna kadi, ndiyo maana leo tumekuja sote. Pumzika kwa amani.