Jotham Waithaka Muigai, Fundi wa Jamhuri Ambaye Hakuuza Gari Lake

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na dadake, Everlyn Wahu. Uthiru, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025.

Wachungaji, majirani, mafundi wenzake na jamaa zetu wote, tumekuja kumzika kaka yangu Jotham Waithaka Muigai. Alizaliwa tarehe 12 Machi 1955 hapa hapa Uthiru, mtoto wa pili wa marehemu Muigai na marehemu Waithera. Mimi ndiye niliyemfuata. Katika watoto wa nyumba ile nimebaki peke yangu, na ndiyo maana kazi hii ya kusoma imeniangukia.

Alianza shule ya msingi karibu na nyumbani mwaka 1963 na akamaliza kidato cha nne mwaka 1973. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wa kwaya alimtoa kwenye safu kwa sababu kila lori lilipopita Naivasha Road aligeuza kichwa, na alikuwa akinong'onezea wenzake ni lori la nani kabla halijaonekana. Mama alipoitwa shuleni alisema, "Mwalimu, mwache. Hata nyumbani ni hivyo hivyo." Baadaye alijifunza umekanika katika chuo cha ufundi mjini.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika duka la vipuri River Road. Baada ya kusimama nyuma ya kaunta kwa muda, aliomba kuhamishiwa gereji ya duka lile, maana alichoka kuuza vitu asivyojua vinafanya nini ndani ya injini. Mwaka 1991 alifungua gereji yake mwenyewe Jamhuri, kando ya Ngong Road. Magari mapya yalipokuja na mafundi wenzake wakanunua kompyuta za kuyapima, yeye alibaki na magari ya zamani.

Sifa yake ilikuwa kwenye distribyuta, kile chombo kinachogawa cheche za moto kwa plagi. Ubavuni mwake kuna kikopo cha bati chenye kiwambo cha mpira ndani, na kipaipu kinachokwenda hadi kwenye kabureta. Mafundi wanakiita vakyumu. Ukiendesha taratibu, injini hunyonya kupitia kile kipaipu, kiwambo kinavutwa, na cheche inakuja mapema kidogo. Gari linakuwa jepesi na halili mafuta ovyo. Ukikanyaga sana mlimani, mvuto unapungua na cheche inarudi nyuma ili injini isigonge. Mafundi wengi waliona kurekebisha kitu hicho ni usumbufu, wakachomoa kipaipu na kuziba tundu. Waithaka hakukubali. Alikuwa akiweka kipaipu mdomoni, ananyonya, kisha anaziba kwa ulimi na kungoja. Ulimi ukiendelea kushikwa, kiwambo ni kizima. Ukiachiliwa, kimepasuka. Alikuja kula kwangu mara nyingi akinuka petroli mdomoni, na hakuona haya.

"Kitabu cha gari kiliandikwa na watu wanaokaa chini karibu na bahari," alikuwa akiniambia. "Hapa Nairobi tuko juu, hewa ni nyepesi, injini hainyonyi vile wanasema. Lazima uisikize mwenyewe."

Tarehe 17 Agosti 1985 alimuoa Kamene, mwalimu kutoka Machakos. Mara ya kwanza alipompeleka kwao kwa gari la kuazima, Kamene aliongea njia nzima na yeye akawa kimya. Walipofika Athi River akamuuliza, "Kwani hunisikii?" Akamjibu, "Nakusikia, Kamene. Lakini na gari pia inaongea." Kamene anasema alitaka kushuka. Hakushuka, na Mungu akawapa watoto wawili. Wa kwanza alipewa jina la baba yetu, Muigai, na wa pili la mama yetu, Waithera. Kwa kuwa kijana alibeba jina la babake, Waithaka hakuwahi kumwita Muigai. Alimwita "baba" tangu siku aliyozaliwa.

Mwaka 1988 alinunua Peugeot 404 nyeupe ambayo ilikuwa imekufa kwenye boma moja huko Dagoretti, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Aliitengeneza mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Watoto wake walipelekwa shule na gari hilo. Mama yetu alipelekwa hospitali na gari hilo na akarudishwa nalo. Kila mwaka alilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale, na watu wakimtaka aliuze, alicheka tu.

Sasa nafika mahali pagumu. Naomba mnivumilie.

Februari 2023 moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa katika hospitali moja ya Upper Hill na akafanyiwa upasuaji. Alikaa huko muda mrefu, siku nyingi akiwa hajui yuko wapi. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji alimpa mwanawe simu yake. Nilikuwepo. Alisema, "Baba, watu wakipiga waambie tuko sawa. Usiwaache wakipiga tu bila kushikwa." Nyinyi nyote mliopiga, ni Muigai aliwajibu, na aliwajibu vizuri.

Siku hizi umiliki wa gari unahamishwa kwa mtandao, na namba ya siri inatumwa kwa simu ya mwenye gari. Mwezi wa Aprili, kaka yangu akiwa kitandani na mipira puani, namba hiyo ilitumwa kwa simu ile, na mtu akaisoma na kuitumia. Gari likauzwa. Kamene aliambiwa mzee amekubali. Kanisani ikasemwa kwamba Waithaka ameuza gari lake ili atibiwe, na watu wakalia kwa kumhurumia. Bima ilikuwa imelipa hospitali yote. Fedha za gari zilienda kwa mambo mengine, na hapa si mahali pa kuyaeleza.

Waithaka alipotoka hospitali aliuliza gari. Muigai akamwambia liko kwa fundi wa rangi, wanataka kumfanyia sapraizi. Mzee akafurahi. Alimwambia kila jirani aliyekuja kumjulia hali, "Kijana wangu ananipakia gari rangi." Sisi tulidhani ugonjwa umemsahaulisha kwamba aliliuza, tukamwacha na furaha yake.

Julai alianza kurudi gereji kidogo kidogo. Siku moja saa za mchana nilikuwa nimempelekea uji, tumekaa nje. Akainua kichwa vile alivyokuwa akifanya kwenye kwaya. Akasema, "Hiyo ni yangu." Mimi sikuwa nimesikia kitu. Kisha Peugeot nyeupe ikaingia langoni, namba zile zile, rangi ile ile ya kale. Waithaka akasimama bila fimbo na kuiendea akicheka.

Mtu aliyeshuka alikuwa Bwana Mwololo, anayefanya kazi kwenye ofisi moja Upper Hill. Alisalimia kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa wewe ndiye mwenyewe wa hizi gari za zamani."

"Marahaba. Umetumwa na kijana wangu?"

"Kijana wako? Hapana, mzee. Ni gari yangu. Niliinunua mwezi wa nne kwa broka. Ikipanda Valley Road inagonga sana, nikasema kabla haijaua injini wacha nitafute fundi."

Nilimwona kaka yangu akiweka mkono juu ya boneti. Nilidhani moyo unasimama tena. Nikainuka.

"Kaa, Wahu," akaniambia. Kisha akamgeukia mgeni. "Fungua boneti nione."

Alifanya kazi ile polepole. Alichomoa kipaipu cha vakyumu, akakinyonya na kukiziba kwa ulimi. Hakikumshika. Kipaipu chenyewe kilikuwa kimepasuka, si kiwambo. Fundi fulani aliona gari linavuta polepole, na badala ya kutafuta kasoro yenyewe alizungusha distribyuta yote mbele, cheche ije mapema hata mlimani, ndipo injini ikawa inagonga. Waithaka aliweka kipaipu kipya. Akakiziba kwanza, akapanga taimingi ya kawaida, yaani wakati wa cheche, kwa taa ya kupimia, kisha akakirudisha na kusogeza kile kigurudumu kidogo chenye meno kinachorekebisha mkono wa vakyumu. Alijua ni jino gani. Yeye ndiye aliyelitafuta tangu mwanzo. Injini ikatulia hadi ukaweza kusikia watu wakiongea barabarani.

"Aisee," Mwololo akasema. "Mzee, unaijua hii gari."

"Naijua," kaka yangu akasema. "Usiwache mtu mwingine aguse hapa. Ikisumbua, niletee mimi."

Akamrudishia ufunguo mkononi. Gari likatoka langoni likaelekea Ngong Road, na akalisikiliza hadi likaisha.

Nilianza kupiga kelele. Nilimwambia twende kituo cha polisi sasa hivi, twende tukiwa na nguo hizi hizi.

"Nimpeleke babangu polisi?" akaniuliza.

Alinywa ule uji ukiwa baridi. Baadaye akasema, "Huyo Mwololo alinunua vizuri. Asisumbuliwe na mtu. Na wewe usimwambie Muigai kitu. Nataka aniambie yeye mwenyewe."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mwanawe Muigai.

Jumapili ile Muigai alikuja chakula cha mchana. Mzee akamuuliza mbele yangu, "Gari imefika wapi?"

"Bado rangi, mzee. Unajua hawa wasee wa rangi ni wa kuzungusha watu. Wiki ijayo hivi."

"Rangi gani?"

"Ile ile nyeupe. Si ndio unapenda?"

"Ndiyo napenda," Waithaka akasema, na akamwongezea nyama.

Alimngoja karibu miaka miwili. Aliuliza tena Krismasi, akaambiwa fundi wa rangi amehama. Aliuliza Pasaka, akaambiwa mzee, hiyo stori ni ndefu, tutaongea. Mwishowe aliacha kuuliza. Mwololo alikuwa akimletea gari kufanyiwa sevisi, naye alilihudumia bila kusema neno. Kamene alipokuja kuujua ukweli, alilia jikoni, akanawa uso na kuandaa meza kwa watu wote, kwa sababu mumewe alimwomba hivyo.

Mei mwaka huu moyo ulimrudia. Siku nilipomtembelea hospitalini aliniambia, "Watu wa kanisa wananisifu kwa kitu ambacho sikufanya. Wanasema niliuza gari nijitibu. Wahu, mimi sikuuza. Nilinyang'anywa na mtoto wangu nikiwa nimelala. Siku yangu ikifika, usiwaache wazike yule mtu mwingine. Wanizike mimi." Aliaga dunia Alhamisi tarehe 5 Juni 2025 asubuhi, Kamene akiwa ameshika mguu wake.

Kabla programu hii ya mazishi haijapelekwa kuchapishwa, niliituma kwa familia. Muigai alikuja kwangu. Alisimama mlangoni.

"Tata, alijua?" akaniuliza, mimi shangazi yake.

"Alijua tangu Julai ile."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuuliza gari iko wapi. Alikuuliza mara ngapi, Muigai?"

Aliomba nitoe sehemu hii. Alisema ataaibika mbele ya watoto wake. Nilimpa kalamu nikamwambia akate mstari wowote wenye uongo. Alisoma mpaka mwisho, akasoma tena, akaniwekea kalamu mezani. Yuko hapa leo. Amebeba jeneza pamoja na wengine, upande wa kichwa, kwa sababu ni mwana wa kwanza na mahali hapo ni pake. Sikumkataza, na sijamsamehe. Kamene anasema yeye anajaribu.

Marehemu ameacha mjane, Kamene, watoto, Muigai na Waithera, mkwe wake Haron, wajukuu watatu, na mimi dadake. Ameacha pia wateja wengi, akiwemo Bwana Mwololo, ambaye alijua haya yote jana tu na ameketi kule nyuma. Bwana Mwololo, gari ni lako. Ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Mungu ampokee kaka yangu na kumlaza pahali ambapo hakuna mtu atakayemficha kitu tena.