Bi. Rudisha Anastaafu, Sasa Tupumue

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari wetu wa maabara ya kuchunguza vinyama vinavyotolewa kwa wagonjwa, ambaye wote tunamwita Bi. Rudisha, anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, daktari wa upasuaji, niandike wasifu wake, eti kwa sababu hakuna aliyegombana naye kunishinda. Ni kweli. Nimekubali shingo upande.

Alianza kazi katika chumba cha mwisho cha korido, chenye sinki linalovuja, na anamalizia humo humo. Ukuu wa idara aliukataa kila alipopewa, akidai wakuu hushinda vikaoni na hadubini hubaki yatima. Jina lake limetokana na makopo tunayomtumia vinyama hivyo. Kopo lisiloandikwa vizuri halikai mezani kwake. Hulirudisha mwenyewe chumba cha upasuaji, ndara zikipiga sakafu. Wauguzi wakizisikia, kila mmoja anakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Ugomvi wetu mkubwa ni tezi. Mtu anayetolewa kibofu cha mkojo kwa sababu ya saratani, tunamtoa pia mafuta ya ndani ya nyonga, kulia na kushoto. Ndani ya mafuta hayo mna tezi ndogo ndogo, na saratani ikitoka kwenye kibofu, mara nyingi hupitia humo kwanza. Ikionekana, mgonjwa anahitaji dawa zaidi. Ikiwemo na isionekane, tunampa mkono wa pongezi na kumrudisha nyumbani na ugonjwa wake. Basi Bi. Rudisha huyabinyabinya mafuta hayo kwa vidole, kipande kwa kipande, kama anachambua mchele, na sisi tunasubiri majibu mpaka tunaota mvi.

Mwaka juzi zamu ilimfikia mlinzi wetu wa geti. Nilimpasua mwenyewe, na safari hiyo nilijitahidi: kila upande na kopo lake, maandishi makubwa kama ya ubaoni. Nikajua nimemaliza kazi. Thubutu! Nikasikia ndara. Tezi alizozipata zilikuwa safi zote, lakini majibu hatoi.

“Mdogo wangu,” akaniambia mbele ya timu nzima, “mafuta ni mengi, tezi ni chache. Ama umeziacha ndani yake, ama zimenipita mimi.”

Nilipandwa na hasira. Mke wa mlinzi alikuwa anashinda kwenye benchi nje ya mlango wangu, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia kesho, kesho tena. Nikamwambia Bi. Rudisha aende akamweleze mwenyewe. Akaenda kweli. Akakaa naye kwenye benchi, akamshika mkono, akamwambia bado anatafuta. Kisha akarudi kukata mafuta yote yaliyobaki, akayapitisha yote kwenye hadubini. Katika kopo la kushoto akapata tezi ndogo kuliko punje ya mchele, na saratani imo.

Mlinzi akatundikiwa dripu za dawa, nywele zikamtoka, zikaota tena, akarudi getini. Siku hizi anapekua buti la gari langu kila asubuhi kama vile mimi ni mwizi.

Tulidhani Bi. Rudisha akiondoka tutapumua. Kumbe amefundisha madaktari wawili wachanga, na wiki iliyopita mmoja wao amenirudishia kopo. Hata ndara amenunua.

Dada, asante. Umenichosha, umenipandisha presha, na wagonjwa wangu wamepona kwa ukaidi wako. Pumzika, lala mpaka jua likuchome, uishi vizuri na wajukuu zako.

Ila kuna tatizo moja. Mlinzi ametangaza kwamba Ijumaa jioni, hata aje mkurugenzi, geti halifungui: gari lako litarudishwa lilikotoka, kama kopo. Nimeambiwa nikamtulize. Siendi.