Aubin Baharanyi, Mpiga Picha wa Mawe Meusi na Theluji

Baba Padri, Mama Clotilde na watoto, wazee wetu mliotoka Walungu na Rutshuru, majirani wa Mapendo na wa Himbi, na ninyi wapiga picha wenzake ambao nawaona mmesimama nyuma kamera zikiwa ndani ya mifuko, mimi ni Dieudonné, mdogo wake marehemu, mwalimu kwa kazi, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu. Padri ameniomba nisizidishe dakika kumi, nami nimelipokea ombi hilo kwa heshima, ingawa wanaonifahamu wameshaketi vizuri.

Yaya Aubin, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, alizaliwa tarehe 14 Mei 1970 huko Walungu, mtoto wa kwanza kati ya watoto watano, baba yetu akiwa karani wa misheni na mama yetu mkulima wa maharagwe. Alisoma shule ya msingi hapohapo Walungu kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, mwaka ambao baba alipata kazi ya ofisi hapa Goma, tukahamia sote mtaa wa Mapendo, na hapa ndipo alipomaliza sekondari na kupata diploma ya Taifa mwezi Julai 1990 kwa asilimia hamsini na mbili, alama ambazo mimi, niliyepata sitini na moja, sikuacha kumkumbusha hata wiki mbili zilizopita.

Mwezi Februari 1991 aliingia kazini kwa Muzee Nsanzimana, aliyekuwa na studio ndogo ya picha karibu na soko, akaanza kwa kufagia, akafuata kusafisha filamu, na baada ya mwaka mmoja akaaminiwa kamera. Muzee huyo alimfundisha jambo ambalo kila mpiga picha wa mji huu analijua, kwamba kamera ni chombo kinachodanganyika, ukiielekeza kwenye mawe yetu meusi ya volkano inadhani giza limeingia, inafungua mwanga kupita kiasi, na gauni la bibi harusi linabaki jeupe tupu kama karatasi, kwa hiyo mpiga picha wa Goma lazima akaze mwanga, yaani aupunguze, kwa mkono wake mwenyewe. Yaya Aubin alilishika somo hilo mpaka mkono ukawa unakaza peke yake bila kumuuliza, naye akajulikana kwa magauni yake, mtu aliweza kuhesabu maua ya kitambaa kimoja kimoja, na kila Jumamosi maharusi walikuwa wakimngojea kando ya ziwa la Lac Vert kwa zamu.

Hapa naomba ruhusa ya kuzungumzia arusi moja, kwa sababu ni yangu. Tarehe 2 Agosti 1997 nilimuoa Laurence, binti wa Muzee Nzabonimpa, mfugaji wa Rutshuru, na wakubwa mliopo mnakumbuka mwaka ule, vita ikiwa imetoka tu kupita, ulikuwa mwaka gani, watu walivyokuwa wakitazamana, na jinsi ilivyokuwa vigumu kwa kijana wa Walungu kuoa katika familia inayozungumza Kinyarwanda. Muzee Nzabonimpa alikuwa hapendi kupigwa picha, maishani mwake alikuwa hajapigwa hata moja, alifika siku hiyo juu ya lori la maharagwe, akasikiliza misa, akakubali kusimama mlangoni mwa kanisa pamoja na familia zote mbili ili Yaya Aubin atupige picha, kisha akapanda lori lake kabla ya chakula, akiwa hajasema maneno yanayofika kumi tangu asubuhi.

Picha ile ndiyo iliyoharibika. Ukuta wa kanisa ulikuwa umepakwa chokaa mpya, na mbele ya kitu cheupe kamera hudanganyika kwa upande wa pili, hujikaza yenyewe, basi ilipojikaza, mkono wa ndugu yangu nao ukaongeza kukaza kama alivyozoea, na filamu iliposafishwa ukuta ukawa na rangi ya majivu, sisi sote tukawa vivuli, na baba mkwe wangu akabaki kofia na fimbo, katikati hakuna kitu. Maneno yalisemwa, na wa kwetu, na wa kwao, ambayo sitayarudia mbele ya jeneza, lakini palikuwa na walioamini kwamba muzee alifichwa kwa makusudi. Muzee Nzabonimpa aliaga dunia mwezi Novemba 1998, bila picha nyingine, na mke wangu akabaki na swali ambalo hakumuuliza mtu yeyote ila mimi, nalo ni kama baba yake alimtoa kwa moyo, au alikuja kutimiza wajibu tu na kuondoka na hasira yake. Kaka yangu alilijua swali hilo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, na leo ninakiri kwamba nilimwambia kwa ukali.

Yaya Aubin naye alifunga ndoa tarehe 10 Julai 1999 na Mama Clotilde, mshonaji wa nguo, aliyemfahamu kwenye kazi ya kurekebisha gauni lililopasuka dakika tano kabla ya misa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Gisèle aliyezaliwa mwaka 2000, Aksanti wa mwaka 2003 na Ange wa mwaka 2007, wote wako hapa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilipoteremka mjini na kuzika nyumba yao pamoja na studio, ndugu yetu alitoka akiwa amembeba Gisèle mgongoni na sanduku la chuma la negatifu, zile filamu za picha zake zote, kichwani, akaiacha mashini ya kushona ya Clotilde mlangoni, na kosa hilo alikumbushwa kwa upole, kila alipovaa shati lisilo na kifungo, kwa miaka minane.

Baada ya moto ule alianza kazi ya safari, akapiga picha za wageni wanaopanda volkano ya Nyiragongo na wanaokwenda kutazama sokwe, na ni mgeni mmoja wa Uswisi, mwenye shule ya kuteleza kwenye theluji, aliyempa kazi ya miezi minne, kuanzia Desemba 2008, akapige picha za wanafunzi na mashindano. Alikwenda na koti la kuazima, hakuwa ameona theluji isipokuwa ile mvua ya mawe inayobaki kidogo kileleni kwetu, na mashindano ya kwanza aliyoyapiga yalikuwa ya watoto, wakishuka mlima mmoja mmoja kwa mbio za kutisha. Picha zilipotoka, theluji yote ilikuwa na rangi ya barabara ya Mapendo, na watoto wa watu walikuwa vivuli, kwa sababu kamera ilijikaza na mkono wa Goma ukakaza juu yake. Aliniambia kwamba mwenye shule alipozitandaza mezani, yeye hakuona theluji, aliona mlango wa kanisa na kofia ya Muzee Nzabonimpa, na ndipo, baada ya miaka kumi na moja, alipoelewa alichokuwa amekosea.

Alidhani atarudishwa nyumbani siku hiyohiyo, lakini mama mmoja mzee aliyekuwa akisafisha picha za shule ile alimketisha mbele ya mashine yake, akazifungua zile picha nyeusi polepole, na nyuso za watoto zikaanza kutoka, mashavu, meno, mmoja akilia kwa hofu, na mama huyo akamweleza kwamba picha iliyokosa mwanga haijafa, kilichoingia kwenye filamu kimo, ni kukitafuta kwa uvumilivu. Kuanzia hapo alifanya kazi kama mtu anayesomea upadri, asubuhi akipiga picha za mlimani, jioni akijifunza kwa mama yule, Jumamosi akipiga arusi za hoteli, akaanguka mara nyingi kuliko wanafunzi wote, maana alitaka naye ateleze akiwa na kamera shingoni, na picha anapoanguka kichwa chini miguu juu iko nyumbani kwao, nendeni mkaitazame, yeye mwenyewe aliitundika sebuleni ili wageni wacheke.

Alirudi Goma mwezi Aprili 2009, Clotilde akiwa uwanja wa ndege kumpokea yeye na mashini mpya ya kushona aliyokuwa ameahidiwa, kumbe kwenye sanduku mlikuwa na mashine ya kusomea filamu kama ya mama yule wa Uswisi, na hapo uwanjani nilisikia maneno ambayo Padri asingependa niyasome, lakini mashini ya kushona ilikuja mwaka uliofuata, na nzuri. Alifungua lile sanduku la chuma, akatoa negatifu ya tarehe 2 Agosti 1997, akaifanyia kazi karibu mwezi mzima bila kumwambia mtu, na Jumapili tarehe 17 Mei 2009 akaja kwetu baada ya misa na picha iliyofungwa kwenye gazeti, akaiweka mikononi mwa mke wangu, akabaki amesimama kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Uso haukuwa safi, ulikuwa na chembechembe kama mchanga, lakini ulikuwa wake, na Muzee Nzabonimpa hakuwa akitazama kamera, alikuwa amegeuka kumtazama binti yake, na mdomo umefunguka, anacheka. Sisi wote tuliosimama pale siku ile hatukuona, kila mmoja alikuwa akitazama mbele kama alivyoagizwa. Laurence akaipeleka picha ile dirishani penye mwanga, akasema, “Papa alikuwa anacheka. Miaka yote hii, kumbe alikuwa anacheka.” Halafu akamletea shemeji yake kiti na chakula, na mimi nikamwomba kaka yangu msamaha, naye akaniambia nipunguze hotuba, wali unapoa.

Aliendelea na kazi miaka kumi na tano zaidi, akafundisha vijana na wasichana wengi, ambao baadhi yenu leo mnamshinda, na hilo alilisema yeye mwenyewe kwa furaha. Mwaka 2021 figo zake zilianza kudhoofika kwa sababu ya kisukari, akatibiwa hapa mjini, mwezi Agosti mwaka huu akalazwa, na Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akatutoka akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, Clotilde akiwa amemshika mkono. Ni kweli tunalia, lakini ndugu yangu aliishi maisha aliyoyataka, na katika familia yetu si wengi wanaoweza kusema hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, maana hakuwa mgonjwa mtiifu, alikuwa akiwasogeza dirishani awapige picha, inawashukuru majirani waliopika na kukesha nasi, parokia na kwaya, na wapiga picha wote wa Goma, ambao arusi za leo Jumamosi mmezigawana ili wengi wenu muweze kufika hapa.

Mwisho, wengi mmeniuliza nani aliyepiga picha hii iliyo juu ya jeneza. Ni Laurence, ambaye alikuwa hajawahi kushika kamera, siku ya Jumapili ya mwisho ya Septemba, mgonjwa akiwa ameegemea ukuta mweupe wa hospitali. Picha ya kwanza ilitoka nyeusi, ndugu yangu akaitazama, akamrudishia kamera na kumwambia, “Shemeji, fungula tena kidogo, sura yangu ingali mu giza.” Laurence akafungua, na mnamwona wenyewe, mpaka ile alama ya utotoni juu ya jicho, mpaka meno, maana naye alikuwa anacheka.

Yaya Aubin, mwanga unatosha sasa, pumzika kwa amani.