Mzee Krševan na Tundu la Ubavuni

Wasikilizaji wapendwa, mlioko majumbani na nyinyi mlioko bandarini mkijifanya mnafanya kazi, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Krševan Vidulin. Krševan ametutoka Jumanne, usingizini, baada ya kula dagaa wa chumvi aliokatazwa na daktari. Mjane wake, Mama Jelka, amenituma niliseme hilo la dagaa. "Liseme hewani," kaniambia, "daktari ajue sikumpa mimi." Basi daktari, umesikia.

Krševan alifanya kazi kwenye feri. Alifunga kamba, akafungua kamba, mpaka akastaafu. Lakini wengi wetu tunamkumbuka kwa boti yake, ile ndogo nyeupe ya faiba. Aliipa jina la mkewe, Jelka, kama ilivyo desturi yetu. Kwa hiyo Zvane, kaka yake Mama Jelka, alipoiazima akaigongesha mwambani, kisiwa kizima kilisema Zvane kamgongesha dada yake.

Tundu lenyewe lilikuwa la kiasi cha ngumi. Zvane alikuwa akiwapungia mkono watalii. Badala ya kuomba radhi, akasema mwamba ule mwaka jana haukuwepo. Krševan akakata salamu. Tangu siku ile, Zvane akija kanisani, Krševan anatazama dari.

Aliyeumia ni Mama Jelka. Kila Jumapili alipika chakula cha mchana mara mbili, zamu ya mume na zamu ya kaka. "Nyumba yangu iligeuka kantini," anasema. Alitaka kitu kimoja tu: wanaume wale wawili wakae meza moja kabla mmoja hajafa.

Boti ikalala juu ya magogo miaka na miaka. Siku moja Krševan akaamua kuitengeneza. Sasa, faiba si ubao, wasikilizaji. Ukitaka kuziba tundu, kwanza unalipanua. Unasaga kingo zake zilale mteremko, unasaga mpaka ukute faiba nzima. Krševan akawasha grenda asubuhi. Mchana tundu likawa kubwa kama sahani. Jioni, mbuzi angepita bila kuinama.

"Mzee, unaziba au unaweka dirisha?" watu wakamuuliza.

"Nendeni zenu! Gundi haishiki palipooza."

Hapo alisema kweli. Lakini vumbi la faiba linawasha kama upupu, na sisi hapa dawa yetu ya kila kitu ni mafuta ya zeituni. Sikio likiuma, zeituni. Mlango ukilia, zeituni. Krševan akajipaka mpaka viwikoni, akapata nafuu, kisha kwa mikono ileile akapapasa kingo alizosaga na kubandika kiraka. Kiraka kilipendeza! Akapiga msasa, akapaka rangi, akamwalika mkewe kwenye maandamano ya boti, sikukuu ya Mtakatifu Roko.

Mama Jelka akavaa gauni lake la bluu. Katikati ya bandari, padri akiwa anabariki maji, kiraka kikabanduka. Kizima, kingo zake bado zinameta mafuta. Kikaelea kuelekea kwa padri kama sinia, na padri, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshanyanyuka, akakibariki.

Boti iliyokuwa nyuma yao ilikuwa ya nani? Ya Zvane. Akarusha kamba. Krševan akaidaka, akaifunga, macho juu mawinguni. Mama Jelka, maji kiunoni, akapasua sauti: "Mume wangu! Usipomsalimia kaka yangu sasa hivi, nabaki humu humu nizame!"

"Habari za leo," Krševan akaliambia wingu.

Kesho yake Mama Jelka akatoa amri. Boti itazibwa upya, na Zvane atashika ubao.

Ubao unakaa nje ya tundu, umefunikwa nailoni usigande. Ndani unapanga vitambaa vya nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, unavilowesha gundi. Mpaka gundi igande, ubao usicheze. Ubavu wa boti ile umepinda, kila mhimili wa kuuegemeza ubao ulikuwa unateleza. Basi Zvane akalala chali chini ya boti, mikono juu. Krševan akaingia ndani. Mama Jelka akakaa kitako pembeni kama mlinzi, na maneno haya nimepewa na yeye.

"Umeshika?"

"Nimeshika, shemeji."

"Kwa nguvu?"

"Kwani unadhani nimeshika kinanda?"

Krševan akalowesha kitambaa cha kwanza. Kisha Krševan akauliza, "Ule mwamba kweli haukuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Nilijua."

"Sasa kama ulijua, unaniuliza nini?"

"Nilitaka ujisikie mwenyewe ukisema."

Gundi haikuganda. Wakazungumza mpira. Wakazungumza wazazi wao waliokufa. Mama Jelka akamnywesha kaka yake divai kama anavyonyweshwa mtoto uji. Jua lilikuwa linazama gundi ilipokubali, na wote watatu wakala meza moja, chakula kimepoa, wakibishana juu ya chumvi. Jumapili zote zilizofuata walikula hivyo, mpaka Jumapili hii iliyopita.

Mama Jelka, Zvane, na ukoo wote wa Vidulin, poleni sana. Kisiwa kizima kimefiwa. Na wewe unayenisikiliza, ukiwa na mtu unayempita bila salamu, usisubiri upate maneno mazuri. Mwite akushikie kitu.

Jana baada ya mazishi, Mama Jelka alininong'oneza kwamba siku ile ya ubao alimwona mumewe akitia dawa ya kugandisha gundi. Alitia matone tu, pale panapotakiwa kijiko kizima. "Alifanya makusudi," alisema, "Zvane asiondoke upesi."

Nikamfuata Zvane, amesimama peke yake kando ya kaburi. Nikamuuliza kama aliwahi kulijua hilo.

"Gundi ile, kwa joto la Agosti, inaganda kahawa haijapoa," alisema. "Nilijua mapema kabisa. Mikono ilikuwa inakufa ganzi. Nikaendelea kushika."